Huna jiliwa? Anza na kibao cha kukatia

Swali: Shikamoo fundi. Nimemaliza chuo cha ufundi na nimefungua kibanda changu hapa Makambako, natengeneza stuli na viti vya watoto. Nina benchi la mbao tu, jiliwa, kile kibanio cha skrubu cha kushikia ubao benchini, sina. Nikikata vipande vifupi au ndimi za miguu ya stuli, zile ncha za kuingia kwenye matundu, nashikilia kwa goti au kwa mkono wa kushoto. Ubao unacheza, mkato unaenda upande, na wiki iliyopita msumeno umenichana kidole gumba. Jiliwa niliyoiona dukani bei yake inanishinda. Nisubiri hadi nikusanye hela, au kuna njia nyingine?

Marahaba, kijana wangu, na pole kwa kidole. Kabla ya habari za mbao: kama hujachomwa sindano ya pepopunda siku za karibuni, nenda kituo cha afya ukaulizie. Msumeno hukaa kwenye vumbi na kutu, na jeraha dogo la kuchanika si la kupuuzwa.

Sasa kazi. Usisubiri. Unachohitaji leo ni kibao chenye vizuizi viwili, kimoja juu na kimoja chini, na vyote unaweza kuvipata kwenye mabaki yaliyo chini ya benchi lako. Hata siku ukinunua jiliwa, kibao hiki utaendelea kukitumia kila siku, kwa sababu kwa vipande vifupi kina kasi kuliko jiliwa: unaweka, unakata, unaondoa. Hakuna kufunga wala kufungua.

Nataka uelewe kwanza kwa nini ubao wako unacheza, maana ukilielewa hilo utajitengenezea vishikizo vingine mwenyewe bila kuuliza mtu. Msumeno wetu wa kawaida hukata unaposukumwa. Meno yake yameinamia mbele. Kila unapousukuma, unausukuma na ubao pia, mbele na chini kidogo. Mkono wako wa kushoto unajaribu kuuzuia ubao usiende kule ambako mkono wa kulia unaupeleka. Mikono yako miwili inashindana, na mshindi ni ule unaosukuma. Ndiyo maana ukikaza zaidi hupati nafuu, unachoka tu, na kidole kinasogea karibu na meno.

Dawa yake si kushika kwa nguvu zaidi. Weka kitu imara mbele ya ubao, mahali ambapo msumeno unaupeleka, halafu uache msumeno wenyewe uubane. Kadiri unavyosukuma, ndivyo ubao unavyotulia. Mkono wa kushoto hubaki na kazi nyepesi ya kuelekeza tu. Mafundi wamelijua hili tangu zamani sana. Katika kaburi la Rekhmire, waziri wa Misri ya kale, kuna picha ya zaidi ya miaka 3,400 inayomwonyesha fundi akipasua ubao uliofungwa kwa kamba kwenye nguzo iliyosimikwa wima. Hana chombo cha kukaza kwa skrubu. Nguzo ndiyo inayopokea nguvu yote, na mikono yake iko huru kwa msumeno.

Kibao chenyewe kiko hivi. Chukua ubao bapa wa urefu wa sentimita 30, upana wa sentimita 18 na unene wa sentimita 2. Huo ndio msingi. Upande wa mbali na wewe, juu yake, unakaa mti mmoja uliolala kwa upana: hicho ni kizuizi cha juu, ambacho kipande chako kitaegemea. Upande wa karibu na tumbo lako, kwa chini, unakaa mti mwingine kama huo: hicho ni kizuizi cha chini, na chenyewe kinakamata ukingo wa benchi. Ukisukuma msumeno, kipande kinagota kizuizi cha juu, msingi unataka kwenda mbele, kizuizi cha chini kinagota ukingo wa benchi, na nguvu yote inaishia kwenye benchi. Vizuizi vyenyewe viwe na upana wa sentimita 4 na kimo cha sentimita 3 hivi. Vipimo hivi si amri. Ukikata vitu vikubwa zaidi ongeza, lakini usikifanye kizito kiasi cha kuwa mzigo kukinyanyua.

Kuhusu mbao: msingi bora ni kipande cha plaiwudi ya milimita 18, kwa sababu haivimbi wala kusinyaa kwa upana. Huna? Tumia ubao wowote mkavu. Uko karibu na Mufindi, na misonobari ya shamba la miti la Sao Hill imejaa huko kwenu, lakini nyingi huuzwa ikiwa bado na maji. Ubao mbichi utausawazisha leo na baada ya wiki chache utakuta umejikunja, kibao kinabembea juu ya benchi, na kibao kinachobembea hakifai kitu. Tafuta kipande kilichokaa ndani muda mrefu. Kwa vizuizi, mbao ngumu ni nzuri zaidi. Mabaki ya mninga yanafaa sana kwa sababu mninga ukishakauka hauna tabia ya kuhangaika, na kizuizi cha juu ndicho kinachopigwa na msumeno kila siku.

Usitumie misumari wala skrubu kwenye kizuizi cha juu. Naliweka wazi hili kwa sababu kila mtu hukimbilia misumari. Kibao hiki ni cha kukatiwa. Meno ya msumeno yatazama ndani yake mara nyingi, na siku yatakapokutana na chuma utakaa nusu siku na tupa ukiyanoa upya. Tumia gundi nyeupe ya mbao pamoja na pini za mbao au za mwanzi. Nyanda zenu ndizo za ulanzi, pombe ya mianzi, kwa hiyo mianzi haikosekani. Chonga pini za unene wa milimita 8 kutoka sehemu ya ukuta wa mwanzi mkavu, toboa matundu ya kipimo hichohicho, gonga na gundi, kisha kata zilingane na uso. Pini mbili kwa kila kizuizi zinatosha.

Hapa sasa ndipo penye kazi yenyewe, na nakuomba usiharakishe: kizuizi cha juu lazima kiwe nyuzi 90 kamili na ukingo wa kulia wa msingi. Kikiwa kimepinda, kila kipande utakachoegemeza kitakuwa kimepinda hivyohivyo, na utajilaumu kwa mkono mbaya kumbe mwenye kosa ni kibao. Anza kwa kuikagua skwea yako yenyewe, yaani kipimo chako cha pembe ya nyuzi 90, hasa kama ni ya bei rahisi au imewahi kudondoka sakafuni. Iegemeze kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, chora mstari kwa penseli kali. Igeuze skwea upande wa pili, uilete mpaka kwenye mstari uleule, uchore tena kuanzia palepale. Mistari ikilaliana kuwa mmoja, skwea ni nzima. Ikiachana kama miguu ya bikari, kosa la skwea ni nusu ya mwachano huo, na usiitumie kwa kazi hii.

Ukishapata skwea ya kuaminika, nyoosha ukingo wa kulia wa msingi kwa randa, kisha chora mstari wa kizuizi kutokea ukingo huo. Paka gundi, weka kizuizi, na gonga pini moja tu upande wa kushoto. Gundi ikiwa bado mbichi, kizuizi kinazunguka kidogo kwenye pini hiyo. Weka skwea, sogeza mpaka usione mwanga kati ya chuma na mti, bana, halafu toboa na gonga pini ya pili. Angalia tena. Ikiwa imehama, gundi bado inaruhusu. Kisha acha ikauke mpaka kesho yake bila kuigusa, na gundi iliyotoka pembeni ifute na kitambaa chenye maji kabla haijakauka, la sivyo itafanya kijibonge palepale unapotaka ubao ukae sawa.

Kizuizi cha juu kisifike mpaka mwisho wa ukingo wa kulia. Kiache pungufu kwa sentimita 2 hivi. Pengo hilo ndilo mahali pa kupita msumeno: ukimaliza kukata, meno yanaangukia kwenye msingi na si kwenye benchi lako. Fanya hivyohivyo kwa kizuizi cha chini. Ukikipindua kibao, upande wa mbele ukaja kwako na wa chini ukawa juu, unapata kibao kipya kabisa cha kutumia siku upande wa kwanza utakapochoka kwa mikato. Kama kuna mwenzako kibandani anayekata kwa mkono wa kushoto, kizuizi cha chini kipunguze upande wa kushoto. Kikipinduliwa kitamfaa yeye.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: kabla ya kukigundisha kizuizi cha juu, piga randa kona yake ya chini, ile inayotazama upande wako, uondoe milimita 2 au 3. Unabaki mfereji mwembamba pale kizuizi kinapokutana na msingi. Unga wa mbao utajificha humo badala ya kujikusanya na kuusukuma ubao wako mbali na kizuizi. Bila mfereji huo utakuwa unapuliza kila baada ya mkato, na siku ukisahau kupuliza utapata kipande cha mshazari.

Usikipake vanishi wala nta, na usikilainishe kwa msasa mpaka king'ae. Uso unaokwaruza unashika. Kama bado vipande vinateleza, gundisha ukanda mwembamba wa msasa kwenye uso wa kizuizi, ule unaoguswa na kazi.

Kukitumia nako kuna utaratibu. Chora mstari wako kuzunguka pande zote nne, kwa kisu kikali kama unacho, maana kisu hukata nyuzi za mti za juu na mkato unatoka safi. Weka kipande kigote kizuizi, mstari ukae nje kidogo tu ya mwisho wa kizuizi, karibu kadiri unavyoweza. Kitako cha kiganja cha kushoto kikae juu ya kipande na kukisukuma mbele, vidole vishike kizuizi kwa upande wa pili. Kidole gumba kinasaidia kuuelekeza msumeno mwanzoni, lakini kiguse ubapa wa msumeno juu ya meno, kisikae mbele yake. Na msumeno ukishazama milimita chache, kiondoe. Anza kwenye kona ya mbali kwa kuuvuta msumeno kuelekea kwako mara mbili tatu pasipo kukandamiza, ndipo uanze kusukuma, ukiushusha mkono polepole mpaka mkato ulale sawa. Uzito wa msumeno unatosha. Ukiona unaukandamiza, meno yamefubaa, na hilo haliponywi na kibao chochote.

Kuna njia nyingine ya kukata ambayo kwa ndimi naipenda zaidi. Tengeneza kibao cha pili chenye kizuizi kinachofika mwisho wa pande zote mbili, halafu kata mfereji wa nyuzi 90 katikati ya kizuizi mpaka ugote msingi. Baada ya hapo kila mkato unaupitisha msumeno ndani ya mfereji huo. Nyuzi za nyuma ya kipande chako zinaegemea mti pande zote mbili za mkato, kwa hiyo hazichomoki wala kufanya manyoya. Ukihitaji fremu za picha au pembe za visanduku, ongeza mifereji miwili ya nyuzi 45, mmoja ukielekea kulia na mwingine kushoto.

Kwa kipande kirefu kinachoning'inia nje ya kibao, tengeneza kingine chembamba chenye msingi wa unene uleule, ukiweke mbali upande wa kushoto ili kazi ikae mlalo. Ukiwa na haraka, kipande chochote cha unene huohuo kinatosha.

Tahadhari moja kuhusu misumeno ya kuvuta, ile ya Kijapani yenye bamba jembamba na mpini mrefu, ambayo sasa nayo inauzwa madukani. Hiyo hukata ikija kwako, kwa hiyo kila kitu kinageuka. Kizuizi cha juu kinatakiwa kiwe upande wako, na kibao chenyewe ukibane benchini kwa klampu, maana kizuizi cha chini hakitazuia kitu kikivutwa. Ukiutumia msumeno huo juu ya kibao cha kawaida utavuta kazi yote ikuangukie miguuni.

Umesema unatengeneza stuli na viti, kwa hiyo kukata ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni randa na patasi. Kanuni ni ileile. Kwa kupiga randa ubao bapa, huhitaji kuubana popote. Weka kizuizi mwishoni mwa benchi, upande ambao randa inaelekea, na ubao ugote hapo. Cha haraka ni ufito mwembamba uliopigwa pini za mbao kukatiza benchi, mwembamba kuliko ubao unaopiga ili randa isiugonge. Kizuri zaidi ni kigingi cha mraba cha mti mgumu, sentimita 5 kwa 5, kilichopita kwenye tundu la mraba la benchi kwa kukaza, unakigonga kwa chini kiinuke, unakigonga kwa juu kishuke. Tundu lichongwe likaze sana siku ya kwanza, kwa sababu litalegea lenyewe.

Kupiga randa ukingo wa ubao uliosimama ndiko kunakowasumbua wengi wasio na jiliwa. Chukua kipande cha mbao cha unene wa inchi 2, kikate mdomo mrefu unaopungua upana kadiri unavyoingia ndani, upande mmoja ukiwa umenyooka na mwingine mshazari, halafu kifunge imara juu ya benchi mdomo ukitazama upande wako. Chonga kabari yenye mshazari uleule. Ubao unausimamisha ndani ya mdomo ukiegemea upande ulionyooka, kabari inaingia upande wa mshazari, unaigonga kidogo. Sasa ukisukuma randa, ubao unavutwa ndani na kabari inaenda nao, inazidi kukaza. Ukitaka kuutoa, gonga ncha ya kabari kwa nyuma, inaachia papo hapo. Kabari ya namna hii naiheshimu kuliko vyuma vingi vya dukani.

Kutoboa matundu ya ndimi kwa patasi ni habari nyingine, kwa sababu pigo linakwenda chini na si mbele. Hapo uzito ndio unaosaidia. Weka kazi juu kabisa ya mguu wa benchi, si katikati ambapo ubao wa benchi unadunda na kulila pigo lako. Kama mti ni mrefu, ukalie. Ukitaka kushika kwa uhakika zaidi, nenda kwa mhunzi akukunjie chuma cha mviringo cha milimita 19 kiwe na shingo ya kuinama kama mkongojo, ncha yake aifue iwe bapa. Toboa benchi tundu lililo wima, pana kuliko chuma hicho kwa milimita 1 tu au pungufu yake. Shina linaingia tunduni, ncha inalalia kazi yako ikiwa na kipande cha mti katikati, unagonga kichwa kwa nyundo mara moja. Shina linainama kidogo ndani ya tundu, linajikaza kwenye kuta zake, basi. Kukiachia unakigonga kwa nyuma ya shingo. Benchi liwe na unene wa sentimita 5 hadi 8. Likiwa jembamba chuma hakipati pa kukamata, na likiwa nene kupita kiasi shina haliinami. Shina likiteleza, likwaruze kwa msasa mkali kwa mzunguko. Chombo hiki kimo hata katika picha ya ukutani iliyopatikana Herculaneum, mji wa Italia uliofunikwa na mlima wa volkano wa Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo. Mhunzi wako wa Makambako hatahitaji kuelezwa mara mbili.

Yote haya yanategemea benchi lisilotembea. Ukisukuma randa na benchi likasogea, nguvu yako imepotea. Lisukume ligote ukuta kwa upande unaoelekea randa, kaza viungo vya miguu kwa kabari, na chini yake funga mbao mbili za kukatiza kisha uweke mfuko wa mchanga.

Na jiliwa? Nunua, lakini baadaye, na usinunue kwa haraka ile ndogo ya kufungia vyuma yenye meno kwenye midomo; itakuachia alama kwenye kila mguu wa kiti. Ukiikuta kwa bei nafuu mno kuiacha, ivalishe midomo ya mti mlaini pande zote mbili. Ile ya maseremala ifunge upande wa kushoto wa benchi kama unatumia mkono wa kulia, na mdomo wake wa ndani uchimbie ulingane kabisa na ukingo wa benchi, ili ubao mrefu unaoubana uegemee ukingo wote na usining'inie hewani. Pima hilo kwa ubao ulionyooka kabla ya kukaza skrubu za mwisho.